Wasomaji Wanauliza: Chumba cha Dola 129 Kinachoishia Kuwa Dola 205

Barua nne za mwezi huu zimeandikwa na watu wasiojuana, wanaoishi katika mabara manne, lakini zote zina kilio kimoja: hesabu iliyopigwa nyumbani haikulingana na ankara iliyotolewa hotelini. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu mwandishi wake bado hajalipa hata senti moja, na kwa hiyo bado ana nafasi ya kuchagua.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni familia ya Kitanzania tunayoishi Houston, Texas. Mwaka ujao mama mkwe wangu atakuja kututembelea kutoka Tanga, na tumekubaliana kwenda naye pamoja na watoto Orlando, kwenye viwanja vya burudani vya Walt Disney World, kwa usiku tano na siku nne za kuingia viwanjani. Tutakuwa watu sita: mimi, mume wangu, mama mkwe, na watoto wa miaka 11, 7 na 2. Huyu mdogo atatimiza miaka 3 mwezi Septemba wa mwaka huo, nasi hatujaamua kama tusafiri Julai au Desemba. Mtandaoni nimeona chumba kikubwa cha hoteli kwa dola 129 kwa usiku, nikaweka kando dola 650 za malazi. Jirani yetu aliyewahi kwenda huko alipokisikia kiasi hicho alicheka sana na hakunieleza sababu. Dada yangu anashauri tukodi nyumba Kissimmee, na mume wangu anasema afadhali California kwa kuwa huko kodi ni ndogo. Nani kati yao anasema kweli, na niweke kando kiasi gani? (Mama wa watatu, Houston)

JIBU: Mama, jirani yako alikuwa na sababu ya kucheka, ingawa angekufaa zaidi kama angekaa akakueleza. Sisi tuliokulia Tanzania na Kenya tumezoea kwamba bei iliyoandikwa kwenye bidhaa tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, na mnunuzi hutoa kile anachokiona. Marekani kodi huongezwa mwishoni, jambo ambalo bila shaka umekwisha kulizoea katika maduka ya Houston; lakini hoteli ina kodi zake za ziada juu ya ile ya dukani, na juu ya kodi hizo huja ada ambazo si kodi kabisa bali ni mapato ya hoteli yenyewe. Vitu hivi viwili mtu asivichanganye, kwa kuwa kodi haikwepeki na kiwango chake hujulikana mapema, ilhali ada hutofautiana kati ya hoteli moja na ya jirani yake, na hapo ndipo penye fedha ya kuokoa.

Nianze na kodi. Sehemu kubwa ya viwanja vya Disney na vile vya Universal vimo katika Kaunti ya Orange, jimbo la Florida. Chumba cha hoteli katika kaunti hiyo hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 6.5 na kodi ya maendeleo ya utalii ya asilimia 6, jumla asilimia 12.5. Ukivuka mpaka kuingia Kaunti ya Osceola, ambako ndiko Kissimmee, kodi ya mauzo ni asilimia 7.5 na ya utalii ni asilimia 6, jumla asilimia 13.5. Watu hubishana sana juu ya tofauti hii ya asilimia moja, na mimi naona wanapoteza muda: kwa chumba cha dola 165, tofauti ni dola 1.65 kwa usiku, yaani dola 8.25 kwa safari yenu nzima. Chakula cha mchana cha mtoto mmoja ndani ya uwanja kinaweza kuzidi hapo.

Sasa tuje kwenye ada. Hoteli nyingi za Orlando hutoza kila usiku kiasi kinachoitwa ada ya risoti, na mahali pengine hubatizwa jina la ada ya huduma au ada ya eneo, wakidai kwamba inalipia intaneti, bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi na basi la kwenda viwanjani. Mgeni huilipa hata kama hakugusa maji ya bwawa. Tena ada hiyo ya lazima huhesabiwa kuwa sehemu ya bei ya chumba, hivyo kodi ya asilimia 12.5 huipiga nayo. Baada yake huja maegesho ya gari kwa usiku, ambayo katika hoteli nyingi hulipiwa peke yake na kuongezewa kodi ya mauzo. Mimi mwenyewe, katika hoteli moja ambayo sitaitaja, niliwahi kuandikiwa maegesho ya usiku tatu ilhali nilifika kwa teksi na kuondoka kwa teksi. Kijana wa mapokezi aliifuta ada hiyo mara moja nilipomwomba anionyeshe gari langu, lakini kama nisingeisoma ankara mstari kwa mstari ningeilipa na kushukuru.

Hebu tukichukue chumba chako cha dola 129 na tukifikishe mwisho wa safari. Tuseme hoteli hiyo ina ada ya risoti ya dola 35 na maegesho ya dola 20 kwa usiku, viwango ambavyo si vya ajabu kwa mji ule. Chumba na ada ya risoti ni dola 164. Kodi ya asilimia 12.5 juu ya kiasi hicho ni dola 20.50, na jumla inakuwa dola 184.50. Maegesho pamoja na kodi ya mauzo ni dola 21.30. Kwa hiyo usiku mmoja ni dola 205.80, na usiku tano ni dola 1,029 kamili, si dola 645 ulizozihesabu. Chukua sasa hoteli ya pili, inayotangaza chumba cha namna hiyo hiyo kwa dola 165, isiyo na ada ya risoti wala malipo ya maegesho: ukiongeza kodi unapata takriban dola 185.63 kwa usiku, na usiku tano ni dola 928.13. Hoteli iliyoonekana ghali kwa dola 36 kila usiku ndiyo itakayokubakizia dola 100. Kwa sababu hii nakuomba usilinganishe tena bei za usiku mmoja zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Linganisha jumla ya kila kitu hadi siku ya kurudisha ufunguo.

Tangu tarehe 12 Mei 2025 kazi hiyo imekuwa nyepesi kidogo. Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, inayofahamika kwa kifupi FTC, ilianza siku hiyo kutumia kanuni inayowalazimisha wenye hoteli, wenye nyumba za kukodisha kwa muda mfupi, na tovuti zinazowauzia nafasi, kuonyesha tangu mwanzo bei yenye ada zote za lazima. California ilikuwa imekwisha kuwa na sheria ya namna hiyo tangu tarehe 1 Julai 2024. Hata hivyo soma kanuni hiyo kwa makini kabla ya kushangilia. Haikuzifuta ada, wala haikuziwekea kikomo. Imezitoa mafichoni tu. Inaruhusu kodi za serikali zisiwemo katika bei ya kwanza, ilimradi zionyeshwe kabla mteja hajalipa. Nayo haigusi malipo yanayohesabiwa kuwa ya hiari, na maegesho mara nyingi huwekwa katika kundi hilo, kana kwamba mtu aliyekuja na gari anaweza kulikunja akaliweka mfukoni. Basi ile dola 129 uliyoiona, kama uliiona karibuni katika tovuti inayofuata kanuni, huenda tayari ina ada ya risoti ndani yake, na katika hali hiyo hesabu yako itakuwa nyepesi kuliko niliyoipiga. Hakikisha kwa kufungua ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, mahali panapotokea mchanganuo, na upige picha ya ukurasa huo. Ukikuta baadaye hotelini ada ya lazima ambayo haikuwamo, picha hiyo ndiyo shahidi wako mbele ya meneja, mbele ya kampuni ya kadi yako, na mbele ya FTC yenyewe, ambayo hupokea malalamiko kupitia tovuti yake.

Kuna hoteli zisizo na ada ya risoti kabisa, nazo ni zile zinazomilikiwa na Disney yenyewe ndani ya eneo lake. Mwaka 2018 zilianza kuwatoza wageni maegesho ya usiku, lakini malipo hayo yaliondolewa Januari 2023, na mgeni wa hoteli hizo pia halipi maegesho ya kawaida kwenye viwanja. Hilo si jambo dogo, kwa sababu anayetoka nje hulipia gari kila siku anayoingia. Kiwango cha gari la kawaida kilipandishwa hadi dola 30 mwaka 2023, basi usipange chini ya hapo, na siku nne ni dola 120. Angalia tu kwamba si kila hoteli iliyomo katika ardhi ya Disney ni ya Disney. Swan na Dolphin, kwa mfano, ambazo ziko hatua chache kutoka uwanja wa EPCOT, zina ada ya risoti na malipo ya maegesho, na ndivyo ilivyo pia kwa hoteli nyingi zilizo karibu na Disney Springs, eneo la maduka na migahawa. Hoteli za Universal nazo hazina ada ya risoti, lakini hutoza maegesho ya usiku.

Mama mkwe wako naye anaingia katika hesabu, kwa heshima zote. Bei ya chumba Marekani mara nyingi hupangwa kwa watu wazima wawili, na mtu mzima wa tatu huongezewa kiasi kwa kila usiku. Hata hoteli za Disney hufanya hivyo katika vyumba vya kawaida. Tena chumba cha kawaida hulaza watu wanne. Kama tovuti ilikuuliza idadi ya wageni nawe ukaacha ile ya watu wawili iliyojiandika yenyewe, bei uliyoiona si yenu. Ingiza watu sita na umri wa kila mtoto, kisha uone kinachobaki. Hapo Disney kuna vyumba vya familia vya watu sita katika hoteli za Art of Animation na All-Star Music, na ingawa bei yake ni kubwa kuliko ya chumba kimoja, linganisha na vyumba viwili vyenye kodi mara mbili. Sipendi kuingilia mambo ya nyumba za watu, lakini mgeni aliyetoka Tanga kwa safari ya siku nzima angani asilazwe kwenye kochi la kukunjua ili kuokoa dola 20.

Wazo la dada yako la kukodi nyumba Kissimmee lina uzito, ila lina mlango wake wa nyuma. Tuseme nyumba ni dola 140 kwa usiku, kwa hiyo dola 700 kwa usiku tano. Mwenye nyumba anaongeza ada ya usafi ya dola 225, tovuti inaongeza ada yake ya huduma ya dola 130, na kodi ya Osceola ya asilimia 13.5 inapigwa juu ya pango pamoja na ada ya usafi, yaani juu ya dola 925, nayo ni dola 124.88. Jumla ni dola 1,179.88, karibu dola 236 kwa usiku. Ada ya usafi ni ileile ukikaa usiku tano au usiku tisa. Kwa usiku tano inakuwa dola 45 kila usiku, na kwa usiku tisa ni dola 25. Ndiyo maana nyumba huwafaa wanaokaa muda mrefu au familia mbili zinazogawana gharama. Kwa upande mwingine, nyumba ina jiko, na familia ya watu sita inayokunywa chai na kula chapati nyumbani kila asubuhi kabla ya kuondoka inaweza kurudisha tofauti hiyo yote kwa siku tatu. Swali ni kama mko tayari kupika mkiwa likizo, na ni nani atakayepika.

Mume wako ama hakuuliza vizuri, ama ameuliza nusu. Anaheim, mji wa California wenye Disneyland, una kodi ya hoteli ya asilimia 15, na hoteli za eneo la viwanja hutozwa asilimia 2 zaidi kwa ajili ya kutangaza utalii, jumla asilimia 17. Kwa chumba cha dola 165 kwa usiku tano, kodi ni dola 140.25 badala ya dola 103.13 za Orlando. Lakini California haitozi kodi ya mauzo kwenye tiketi za viwanja, ilhali Florida hutoza asilimia 6.5, na bei za tiketi zinazotangazwa huko huwa hazina kodi hiyo ndani. Tuseme tiketi zenu zingekuwa dola 2,500 kabla ya kodi. Florida ingeongeza dola 162.50. Kwa hiyo kodi kubwa ya hoteli ya Anaheim inafidiwa na tiketi zisizo na kodi, na zaidi ya hapo hoteli nyingi za barabara ya Harbor Boulevard, inayopita kando ya Disneyland, ziko umbali wa kutembea kwa miguu hadi langoni, jambo linaloondoa gari, maegesho na mafuta. Mume wako alifika kwenye jibu lenye maana kwa njia isiyo sahihi. Mkiamua hivyo, kumbukeni tu kwamba viwanja vya Disneyland ni viwili, wakati Orlando Disney peke yake ina vinne, na kwamba nauli ya ndege ya watu sita inaweza kubadilisha kila kitu nilichokiandika hapa.

Kuhusu tiketi, umri wa mtoto huhesabiwa siku ya kuingia. Aliye chini ya miaka 3 haingii kwa tiketi, wa miaka 3 hadi 9 ana bei ya mtoto ambayo ni ndogo kidogo tu, na kuanzia miaka 10 ni mtu mzima. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka 11 atalipiwa kama mama mkwe. Mkisafiri Julai yule mdogo ataingia bure. Mkisubiri Desemba mtamlipia naye tiketi ya mtoto, pamoja na kodi yake, yaani tiketi sita badala ya tano. Wiki ya Krismasi nayo ni miongoni mwa zile zenye bei za juu kabisa kwa vyumba na tiketi. Joto la Julai katika Florida ni kali na mvua za radi hunyesha karibu kila alasiri, lakini mtu wa Tanga hatalishangaa.

Mkikodi gari uwanjani mwa ndege, tegemeeni tozo ya jimbo ya dola 2 kwa siku na ada nyingine za uwanja wa ndege katika ankara ya gari. Barabara nyingi za kutoka uwanja wa ndege wa Orlando kwenda Disney, zikiwamo 417 na 528, ni za kulipia, na kampuni za magari hupenda kukuuzia huduma yao ya kulipia barabara kwa ada ya kila siku iliyo juu ya tozo halisi. Mamlaka ya barabara za Florida ya Kati hutoa bure pale uwanja wa ndege kadi ya wageni ya kuning'iniza kwenye kioo cha gari. Mgeni hujiandikisha, huitumia, hukatwa tozo halisi, kisha huirudisha. Ichukueni hiyo.

Mwisho ni mezani. Kundi la watu sita ndilo kundi ambalo migahawa ya kuhudumiwa mezani ndani ya Disney huliongezea bahashishi ya asilimia 18 moja kwa moja. Chakula cha dola 180, pamoja na kodi ya asilimia 6.5 na bahashishi hiyo, kinafika takriban dola 224. Msiongeze bahashishi nyingine juu yake kwa kudhani kwamba ule mstari mtupu kwenye risiti ni lazima ujazwe. Wengi hulipa mara mbili hapo.

Basi badala ya dola 650, kwa chumba cha aina uliyoitaja weka kando dola 1,050 za malazi mkikaa nje ya Disney na kuwa na gari, ongeza dola 120 za maegesho ya viwanjani, na asilimia 6.5 juu ya tiketi. Kama hoteli utakayoipata haina ada ya risoti wala ya maegesho, zidisha bei ya chumba kwa 1.125 na hiyo ndiyo hesabu yako.

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Mombasa. Nilikwenda Orlando na mwanangu, nikalipia hoteli kikamilifu kabla ya kuondoka nyumbani. Nilipofika, mapokezi waliomba kadi wakakata dola 50 kwa kila usiku, usiku sita, wakisema ni amana. Niliporudi nyumbani fedha hizo hazikuwa zimerejea, na benki iliniambia nisubiri. Zilirejea baada ya siku kumi na mbili, lakini zilikuwa pungufu zilipohesabiwa kwa shilingi. Je, niliibiwa? (Msafiri wa Nyali)

JIBU: Hukuibiwa, ila ulibanwa mahali ambapo kadi ya benki ya kawaida huumiza. Hoteli za Marekani huomba kadi wakati wa kuingia ili kuzuia kiasi fulani kwa ajili ya vitu ambavyo mgeni anaweza kuvitumia au kuviharibu. Mwenye kadi ya mkopo hupunguziwa tu kiwango anachoweza kukopa, na fedha yake haiguswi. Mwenye kadi inayotoa moja kwa moja kwenye akaunti, kama yako, huiona fedha yake halisi ikifungiwa, dola 300 kwa safari yako, na hawezi kununulia mtoto hata maji kwa fedha hiyo. Hoteli huiachia siku ya kuondoka, lakini benki mbili zilizo katikati huchukua siku zake mwenyewe kuiachia, na ukiwa na benki ya nje ya Marekani siku hizo huongezeka.

Upungufu wa shilingi unatokana na fedha kubadilishwa mara mbili kwa viwango viwili tofauti, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na benki nyingine hukata asilimia yake kwa muamala wa fedha za kigeni. Safari ijayo, piga simu hotelini kabla ya kwenda uulize amana ni kiasi gani kwa usiku na kama wanapokea fedha taslimu. Kama huna kadi ya mkopo, tenga kadi moja kwa ajili ya amana tu na nyingine kwa matumizi. Na mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa dola au kwa shilingi za Kenya, chagua dola, kwa kuwa ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilisha hupangwa na upande wa mashine, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako.

SWALI: Assalaam alaikum. Tuko Muscat, na tunafikiria kuwapeleka watoto Dubai kwenye viwanja vya Legoland na Motiongate. Nimehifadhi vyumba viwili katika hoteli ya nyota nne, na tovuti imeandika kwamba kodi zimo. Jamaa yangu anasema bado nitadaiwa fedha mlangoni. Ni kweli? (Bint Said, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam. Jamaa yako anasema kweli kwa sehemu. Dubai ina tozo ya serikali inayoitwa Dirham ya Utalii, iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo hulipwa kwa kila chumba kwa kila usiku kulingana na daraja la hoteli: dirham 20 kwa nyota tano, 15 kwa nyota nne, 10 kwa nyota tatu na mbili, na 7 kwa nyota moja. Tovuti nyingi haziijumuishi, nayo hulipwa mapokezi. Kwa vyumba viwili vya nyota nne utatoa dirham 30 kila usiku. Usiku tatu ni dirham 90. Katika nyumba za hoteli zenye vyumba kadhaa vya kulala, hesabu hufuata idadi ya vyumba vya kulala, si idadi ya milango ya nje, na hili huwashangaza wengi wanaodhani wamechukua nyumba moja.

Kinachopaswa kuwa kimeingia katika bei yako ni ada ya manispaa ya asilimia 7, ambayo hadi mwaka 2018 ilikuwa asilimia 10, ada ya huduma ya hoteli ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Ukiona mahali bei imeandikwa na alama za kujumlisha pembeni, maana yake vitu hivi havimo, na chumba cha dirham 400 kitazidi dirham 488 kabla ya ile dirham 15 ya usiku. Mwandikie mwenye hoteli ujumbe mfupi ukiuliza swali moja tu: nikifika nitadaiwa nini zaidi, kwa chumba na kwa usiku? Jibu lake lihifadhi kwenye simu.

SWALI: Sisi ni Wakongomani tunaoishi Brussels. Tuna watoto wanne. Kodi ya kulala karibu na Disneyland Paris hulipwa kwa kila mtu, au watoto wamesamehewa? (Papa wa wanne)

JIBU: Watoto wote walio chini ya miaka 18 wamesamehewa kodi ya ukaaji kote Ufaransa, kwa hiyo kwenu italipwa kwa watu wazima wawili tu, kwa kila usiku, kwa kiwango kinachofuata daraja la hoteli. Msitumie makadirio ya safari ya zamani: tangu tarehe 1 Januari 2024 mkoa wa Île-de-France, ambamo Disneyland Paris imo, umeongeza juu ya kodi hiyo asilimia 200 nyingine kwa ajili ya usafiri wa umma, kwa hiyo kila euro 1 ya kodi ya mji huongezewa euro 2, jumla euro 3. Pelekeni vitambulisho vya watoto, hasa vya wale warefu kuliko umri wao, kwa sababu mapokezi wanaweza kuuliza.